Pampu Iliyopelekwa Juu

Watu wawili wa tumbo moja walikuwa na kazi katika jengo moja. Mkubwa aliitwa Mbelwa, mdogo aliitwa Singano. Jengo lilikuwa la ghorofa sitini, na mji ule haukuwa na jingine la kulifikia. Mbelwa alikuwa msimamizi wa mafundi wote, na kazi yake ilikuwa juu. Singano alikuwa mtu wa pampu, na kazi yake ilikuwa chini, katika ghorofa ya tatu chini ya ardhi, kwa sababu jengo lilisimama mahali penye maji. Siku msingi ulipochimbwa maji yalikutwa pale, na hayakuondoka. Yalichuruzika kutoka kwenye kuta, yakakusanyika shimoni, na pampu tatu ziliyavuta na kuyatoa nje hadi mtaroni. Kwa miaka mitano Singano alihakikisha pampu hizo hazisimami.

Mwanzoni ndugu hawa walikula pamoja. Jengo lilipokuwa fupi, Mbelwa alishuka kila mchana, wakaketi juu ya mbao wakala ugali na maharage ya mama lishe wa getini. Lilipofika ghorofa ya ishirini, alishuka siku moja moja. Lilipofika ya arobaini, aliletewa chakula huko huko juu, maana kushuka na kupanda kulikula saa nzima ya kazi. Hawakugombana. Hakuna neno baya lililopita kati yao. Jengo tu lilirefuka.

Mwaka wa sita kazi ikafika ukingoni. Vioo vilikuwa vimepachikwa karibu pande zote, marumaru zimelazwa kwenye ukumbi wa kuingilia, na wapaka rangi walimaliza ghorofa moja kila siku mbili. Yalibaki mambo mawili: bwawa la kuogelea la ghorofa ya hamsini na nane, na mnara wa chuma wa kusimikwa juu ya paa. Mwenye jengo alikwisha kutaja tarehe ya ufunguzi na kadi za mwaliko zilikwisha kusambazwa.

Mbelwa alikuwa amechoka. Haukuwa ule uchovu wa siku moja ambao mtu hulala nao na kuamka umekwisha. Ulikuwa umeingia kwenye mifupa. Magoti yalimuuma, macho yalimwasha kwa vumbi la saruji, na akisemeshwa jambo la pili kabla hajamaliza la kwanza, alitamani kuziba masikio. Kwa hiyo alijipatia jibu moja la kuwajibu wote. Mkewe alipouliza ni lini watakwenda Lushoto kumwona mama, alisema baada ya mnara. Fundi aliyeomba ruhusa akapimwe kifua aliambiwa baada ya mnara. Naye mwenyewe, aliposhikwa asubuhi moja na hamu ya kuketi chini na kulia bila sababu, alijiambia hivyo hivyo.

Wiki tatu kabla ya ufunguzi mwenye jengo alipanda juu, akalikuta bwawa kavu. Matangi ya ghorofa iliyo chini yake yalikuwa yamejaa, lakini pampu ya kupandisha maji hadi bwawani ilikuwa bado bandarini. Akauliza kama jengo zima halina pampu nyingine. Mbelwa alikuwa ameshika karatasi ya jambo lingine. Akasema zipo tatu, ziko chini. Mwenye jengo akasema basi ichukuliwe moja. Mbelwa akatia saini akiwa amesimama, kisha akarudi kwenye ile karatasi yake.

Pampu mbili zilizobaki zikafanya kazi ya tatu. Siku ya nne moja ikaungua. Iliyosalia ikawa inazimika kila baada ya muda, na kila ilipozimika Singano aliiwasha kwa mkono. Hakuweza kuiacha akapanda juu, na simu hazikushika kule chini. Akatuma watu. Ujumbe wa kwanza ulipelekwa na mpaka rangi mmoja, na Mbelwa akasema amesikia. Wa pili ulipelekwa na mwendesha lifti ya mizigo, na Mbelwa akasema baada ya mnara. Wa tatu Singano aliuandika mwenyewe kwa penseli juu ya kipande cha mfuko wa saruji. Mbelwa aliupokea akiwa anashauriana na watu wa kreni juu ya upepo wa kesho. Akaukunja, akautia mfukoni. Hakuusoma.

Mnara ulipangwa kusimikwa Jumanne saa nne asubuhi. Watu kumi na mmoja walikuwa juu ya paa wamejifunga mikanda, na mwenye jengo alikuwa ng'ambo ya barabara na wageni wake, wamewekewa viti chini ya turubai. Kipande cha mwisho kikanyanyuliwa. Kilikuwa kimefika kimo cha mtu juu ya paa pale kila kitu kiliponyamaza. Kreni ikasimama. Lifti ikakwama. Chuma kikabaki kinaning'inia, kikizunguka taratibu kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Kisha mlinzi wa getini akaita kwa redio ya mkononi, akasema umeme wa mji haujakatika. Singano ndiye aliyeuzima.

Mbelwa aliwaamuru watu wake wakifunge kile chuma kwa kamba na wasiondoke. Akaanza kushuka kwa ngazi.

Ghorofa za kwanza alishuka na hasira, akiyapanga maneno atakayomwambia mdogo wake. Alipofika ya arobaini hasira ilikuwa imemtoka pamoja na jasho, na yale maneno yalikuwa yamepukutika moja moja njiani. Alipofika ya thelathini magoti yakakataa. Akaketi ngazini. Aliingiza mkono mfukoni kutafuta kitambaa cha kujifuta uso, akakuta kile kipande cha mfuko wa saruji. Akakikunjua. Kiliandikwa: Kaka, maji yamefika mlango wa chumba cha umeme. Yakiingia umeme ukiwa umewashwa, watakufa watu. Njoo.

Alikisoma mara mbili. Mwandiko alikuwa anaujua tangu shuleni, herufi kubwa zilizolala upande. Akanyanyuka, akashuka ghorofa zilizobaki akishikilia ukuta, hakuketi tena.

Ngazi za mwisho zilikuwa ndani ya maji. Kulikuwa na giza, na tochi moja imefungwa kwa waya kwenye bomba. Singano alikuwa amepanga mifuko ya mchanga kwenye mlango wa chumba cha umeme, naye amesimama ndani yake, anateka maji yaliyopenya na kuyamwaga nje ya ile mifuko, anateka na kumwaga. Nje maji yalimfikia mtu kiunoni. Ndani yalikuwa chini ya goti. Kwa umbali wa upana wa viganja viwili juu ya maji zilianza swichi kubwa za jengo zima. Mbelwa akamtazama mdogo wake. Nywele zilikuwa nyeupe. Akajaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho kuuona uso ule, asiweze.

Singano hakuacha kuteka. "Kaka," akasema, "ungekuja jana ningekueleza. Leo shika ndoo."

Mbelwa akavuka ile mifuko, akashika ndoo.

Wakateka bega kwa bega. Baadaye mlinzi akasimama kwenye ngazi na redio, akasema mwenye jengo anauliza umeme unarudi lini, maana wageni wanasubiri. Mbelwa akaagiza wale kumi na mmoja waende bwawani, waifungue ile pampu, waishushe. Baada ya muda mlinzi akarudi. Mwenye jengo amekataa. Amesema pampu isiguswe mpaka wageni wapandishwe waone bwawa limejaa, mengine yatazungumzwa kesho. Mbelwa aliyatazama maji, akautazama ukuta. Yalikuwa yamepanda upana wa kidole tangu ashuke.

"Waambie washushe," akasema. "Wakiulizwa, ni mimi."

Wakaifungua, wakaifunga kwenye miti miwili ya jukwaa, wakaibeba mabegani kwa kupokezana ghorofa hamsini na nane, wakipumzika kwenye kila kona. Walifika saa tisa. Jenereta ndogo ya getini ikaletwa kuiendesha. Saa kumi na moja maji yalianza kurudi nyuma, polepole, yakiacha mstari wa tope ukutani. Singano alipouona ule mstari aliketi juu ya mifuko ya mchanga akalala papo hapo, mdomo wazi, ndoo bado iko mkononi. Mbelwa aliitoa ile ndoo kidole kimoja kimoja ili asimwamshe.

Mwenye jengo alishuka jioni, viatu mkononi. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba mnara ulikuwa usimikwe leo, na kwamba mbele ya wageni ameonekana mtu asiyesikilizwa katika nyumba yake mwenyewe. Asubuhi yake Mbelwa aliondolewa katika usimamizi. Akaja msimamizi mwingine, na baada ya siku tisa mnara ukasimama, watu wakapiga makofi, na picha yake ikatoka magazetini. Mnara ule ni mzuri. Unaonekana hata na watu wanaoingia mjini kwa barabara kuu.

Singano alilazwa wiki tatu kwa ugonjwa wa kifua, akapona, akaenda Lushoto kwa mama yao, na huko anafuga ng'ombe wawili. Tangu siku alipolazwa, hapakuwa na mtu aliyekuwa tayari kukaa kule chini na maji. Mbelwa akaiomba ile kazi. Mwenye jengo alidhani anafanya mzaha, kisha akaona hafanyi, akampa. Siku ya ufunguzi Mbelwa hakuona wageni wala hakusikia hotuba. Alikuwa anasafisha chujio la pampu ya pili. Waliomjua zamani, alipokuwa akiamrisha watu mia nne, humuuliza kama haoni aibu kushuka kiasi kile. Yeye husema magoti yake bado yanauma, lakini siku hizi anapata usingizi.

Nanyi mnaonisikiliza, mlioketi pakavu na mliochoka kwa kupanda: ni nani aliye chini yenu anayeteka maji, na ni lini mlishuka mkamtazama usoni?