Shaame na Jiwe la Kifuani

Mwanamke mwenye uchungu akimwonea haya mkunga, hujiponza yeye na mtoto. Kwa hiyo wahenga walisema mficha uchi hazai: mwenye dhiki asipoifunua kwa wa kumsaidia, humla ndani kwa ndani. Shaame Ngwali aliijua methali hiyo kwa ulimi tangu utotoni. Moyoni ilimwingia baada ya kuponea chupuchupu.

Shaame aliishi katika kijiji kimoja karibu na Wesha, naye alikuwa fundi wa mchezo wa ng'ombe ambaye Pemba nzima ilimtambua. Zumari lilipolia na wanawake walipopokea nyimbo, aliingia uwanjani na kitambaa mkononi, akamchokoza fahali, kisha akaikwepa pembe kwa upana wa kiganja. Siku hizo mkewe, Mwanamize, alitembea kifua mbele.

Mwaka wa 1961 mambo yaligeuka. Karafuu hazikuzaa. Uchaguzi ukawagawa watu hata majirani wakasusiana maziko. Katikati ya chuki hizo, homa ikamchukua Siti, mtoto wao wa pekee. Waliokuja kuzika walikuwa wachache. Shaame hakutoa chozi. Alisema mwanamume halii.

Lakini Mwanamize alikuwa na macho. Mumewe alikula matonge mawili akanawa. Usingizi ulimpaa. Mchana kweupe, ameketi kivulini, moyo ulimwenda mbio na jasho kumtiririka. Akiulizwa, hujibu, "Uchovu tu."

Msimu wa mchezo ulipowadia, Shaame aliingia uwanjani kama ada. Fahali akaja mbio akitimua vumbi. Shaame hakukwepa. Alisimama kama mgomba, pembe ikamzoa na kumbwaga chini. Bahati walioshika kamba ya fahali waliivuta upesi.

"Ameteleza!" watu walipiga kelele.

Nyumbani, Mwanamize alimkanda mbavu kwa maji ya moto, kisha akasema taratibu, "Baba Siti, hukuteleza."

Shaame alishtuka. Tangu msiba, hakuna aliyethubutu kumwita jina hilo.

"Uliona?"

"Niliona. Ulimngoja."

"Sikwenda pale kutafuta kifo, mke wangu. Ila fahali alipokuja, sikuona haja ya kukwepa. Kifuani mna jiwe. Nikilala lipo, nikiamka lipo. Nilihofu nikitamka, watu watasema Shaame kaingiwa na mashetani."

Hapo akalia, kilio kilichokuwa kimezuiwa tangu makaburini. Mwanamize hakumnyamazisha. Alikaa naye, machozi yakimtoka na yeye, mpaka wote wawili walipopumua.

"Kesho twende kwa Zahran," alisema Mwanamize.

Zahran alikuwa msaidizi wa daktari, tena rafiki aliyekua pamoja na Shaame. Lakini alikuwa wa chama kingine, na tangu uchaguzi hawakusalimiana.

"Nimpelekee hasimu aibu yangu?"

"Mpelekee maradhi yako. Aibu iache hapa, nitailinda mimi."

Zahran alipomwona Shaame mlangoni, alimkumbatia hata kabla ya salamu. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Haya ni maradhi, ndugu yangu, si woga," alisema. "Nabii Yaakubu alimlilia mwanawe hata macho yakawa meupe. Nani atasema alikuwa na imani haba?"

Akamwagiza asikae peke yake, ale hata kama hana hamu, afanye kazi ndogo kila asubuhi, na jiwe likizidi uzito amwite mtu, saa yoyote ile. Kisha akainamisha uso. "Nilitaka kuja kuzika. Nikawaogopa watu wa chama chako na wa changu. Nisamehe."

Ugonjwa huja mbio na kuondoka kwa kutambaa. Kulikuwa na asubuhi Shaame alizoshindwa kuinuka kitandani. Mwanamize alimshika mkono, wakaenda shambani kupalilia muhogo, pengine tuta moja tu, wakarudi. Alasiri Zahran alikuja kuketi barazani kwao, mbele ya macho ya vyama vyote viwili.

Ijumaa moja, watu wakitoka msikitini, mmoja wao alimtania Shaame kuwa ameanza kuogopa ng'ombe. Shaame akasimama wima.

"Si woga," alisema kwa sauti iliyosikiwa na wote. "Nilimzika mwanangu, moyo ukaugua, nikaficha ugonjwa, nusura nife. Sasa natibiwa. Mwenye jiwe kama langu asilifiche."

Kisha Mabruki, mchukuzi wa bandarini, mtu wa miraba minne, akasogea mbele. "Mimi ninalo," alisema. "Tangu alipofariki mke wangu." Shaame akamshika bega, wakaondoka pamoja kuelekea kwa Zahran.

Habari zilimfikia Mwanamize kisimani. Wanawake walimtazama kwa pembe za macho, wakidhani atainama kwa haya. Yeye alijitwika mtungi wake, akanyoosha shingo.

"Ndiye mume wangu huyo," alisema. "Nimemwona akishangiliwa na umati mara nyingi, lakini sijapata kujivunia kuwa mkewe kama leo."

Mwaka uliofuata walijaaliwa mtoto wa kiume, na waliokuja kumpongeza Baba Siti walitoka vyama vyote. Hakika, mficha uchi hazai.