Mashine Isiyolika Katikati

Mtu mmoja alikuwa na msingi wa zege nyuma ya nyumba yake, na juu ya msingi huo hapakuwa na kitu. Aliujengea banda la matofali ya kuchoma, bati jipya, madirisha mawili ya nondo. Bolti nne zilichomoza kwenye zege zikisubiri miguu ya mashine. Kila Ijumaa alifagia banda, akazipaka bolti grisi zisishike kutu, akafunga mlango. Jirani mmoja aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta alidhani jamaa anatunza kaburi. Hakukosea sana.

Mtu huyo aliitwa Semkiwa, wa Korogwe. Miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi katika karakana kubwa. Wenzake walichonga vyuma, yeye alivipima. Alikuwa na kisaa kidogo chenye mshale mmoja. Ukikigusisha kwenye chuma, mshale unakuonyesha kasoro nyembamba kuliko unywele. Chuma kilichopungua alikitia chaki nyekundu na kukitupa pembeni. Silaumu. Kazi hiyo inatakiwa, la sivyo magari yangetumwaga makorongoni. Lakini wako watu wakivua ovaroli jioni, kazi inabaki ndani ya ovaroli. Semkiwa alirudi na kisaa nyumbani.

Mkewe Mwantumu alikaa naye miaka kumi na minne. Hakupigwa, hakutukanwa, hakulala njaa. Alipimwa tu. Chai imezidi majani, shuka limekunjwa mshazari, salamu kwa mgeni imekuwa ndefu. Siku moja aliwasha moto, akabandika maji, akaweka ufunguo juu ya kabati, akapanda basi la Lushoto kwenda kwa dada yake. Semkiwa aliporudi alikuta maji yamekauka jikoni. Alichosema ni kwamba sufuria imeungua. Tangu siku hiyo alisonga ugali wa mtu mmoja katika sufuria ya watu sita, maana ndiyo iliyokuwapo. Ugali wa namna hiyo unaungua pembeni na kubaki mbichi katikati. Aliula hivyo hivyo, akitazama ukuta.

Aliyembakia ni mdogo wake, Mbelwa, wa tumbo moja. Mbelwa alikuwa mchongaji, mkono wake wajulikana mpaka Muheza, ila mahali alipofanya kazi palifungwa. Ndugu wakapatana: kaka anunue mashine ya kuchonga chuma, mdogo aifanyie kazi pale bandani. Kwa msioijua, ni meza ya chuma inayokwenda na kurudi ukizungusha gurudumu la mkono, na juu yake kisu kinachozunguka. Unafunga chuma chako mezani, unakisogeza kwenye kisu taratibu, mwisho unatoa gia. Wenye mashine za kusaga unga wasingehangaika tena kwenda Tanga mjini kwa gia moja. Bei ya mpya haishikiki, kwa hiyo wakategemea minada. Kuna watu wa Geita walishamwita Mbelwa aende kwao. Aliwaambia wangoje, kaka yake yuko peke yake. Na Semkiwa, ingawa hakulisema hata mara moja, alitaka kusikia mtu mwingine akikohoa ndani ya lile banda kuliko alivyotaka gia.

Basi wakaanza kuzunguka minadani. Kwenye misheni moja walikuta mashine nzuri, lakini meza yake ilikuwa na matundu mawili yaliyotobolewa na mtu mlevi. Semkiwa akaikataa. Kwenye kiwanda cha pamba walikuta nyingine imepakwa rangi mbichi inang'aa. Semkiwa akaikwaruza kwa ukucha, chini ya rangi pakaonekana ufa uliozibwa kwa gundi. Dalali aliinama, watu wakampigia Semkiwa makofi. Hapo alifanya kazi yake, naye alistahili makofi. Ubaya ni kwamba yalimwingia. Toka siku hiyo hakwenda mnadani kununua, alikwenda kukamata. Mashine ya tano akaikataa, ya sita, ya tisa. Madalali wakamwita Daktari. Mmoja wao akimwona tu langoni aliwaambia wenzake, "Huyo kafika. Leo tena atatuandikia vyeti vya kifo."

Mwaka na nusu Mbelwa alikuwa akichomelea mageti ya watu. Geita wakampigia simu mara ya pili. Akamweleza kaka yake, kwa heshima na kwa sauti ya chini, kwamba mfungo ukiisha hawezi tena kungoja.

Kabla mfungo haujaisha ukatangazwa mnada kwenye shamba moja la mkonge. Karakana ya shamba ilikuwa imefungwa wiki moja nyuma, umeme umekatwa, kila kitu kinauzwa kimya, bila kuwashwa. Ndani mlikuwa na mashine mbili za kuchonga. Ya kwanza ilikuwa karibu na mlango, nyeusi kwa mafuta, mpini wa gurudumu lake umeng'aa kwa viganja vya watu. Mbele yake palikuwa na ubao wa kusimamia, na juu ya ubao mashimo mawili mafupi, yaliyochimbwa na miguu. Ya pili ilikuwa kwenye kona. Rangi yake ilikuwa ileile ya kiwandani, na kibao cha jina kilisomeka kama jana.

Semkiwa akapiga magoti, akatoa kisaa. Akaanza na ile nyeusi. Meza ikiwa huku mwisho ilishika vizuri. Ikiwa kule mwisho ilishika vizuri. Alipoileta katikati, gurudumu lilizunguka karibu robo nzima kabla meza haijasogea. Skrubu inayoisukuma meza ilikuwa imelika pale kati. Mimi chuma sikijui, nalijua jiwe la kusagia la mama yangu: lilibonyea katikati kama sahani, pembeni likabaki jipya, kwa sababu hakuna anayesagia pembeni. Mbelwa aliyaona hayo bila kisaa. Alikuwa ameshapanda kwenye ule ubao na miguu yake imeingia kwenye yale mashimo. Alimnong'oneza kaka yake kwamba ulegevu huo unazoeleka. Ukiujua, unakiendea chuma kutoka upande mmoja tu kila mara, na kazi inatoka sawa.  Semkiwa alikuwa akichora mstari kwa chaki nyekundu.

Kisha akaiendea ile ya kona. Akapima mwisho huu, mwisho ule, akapima kati. Mshale haukutikisika. Akarudia. Haukutikisika. Mtu yule, ambaye maisha yake yote hakuwahi kukosa pa kutia chaki, alikosa. Akaweka kiganja juu ya ile meza ya baridi, macho yakamlowa. Mbelwa akamwuliza kwa nini mashine ikae hapo miaka yote hiyo bila mtu kuitumia. Hatua kumi kutoka hapo, juu ya kreti, alikaa Mzee Kaoneka, aliyezitunza mashine zote za shamba lile na aliyekuja kuziaga tu. Ilikuwa ni kugeuza shingo tu na kumwuliza. Semkiwa alisema asiyejua kupima ndiye anayeulizauliza.

Wakati huo alikuja mama mmoja mwenye mashine za kusaga kule Mombo, kanga mabegani, hana kisaa wala rula. Aliizunguka ile nyeusi mara moja, akamfuata mzee kwenye kreti.

"Shikamoo, baba. Hii iliacha kazi lini?"

"Marahaba, mwanangu. Ijumaa iliyopita, walipokuja kukata umeme."

Mama akanyoosha mkono kwa dalali, akainunua. Semkiwa alimwonea huruma.

Ile ya kona ndugu wakainunua, wakaipeleka Korogwe. Bolti mbili hazikuoana na miguu yake, Semkiwa akashika nyundo na tindo akavunja zege lake mwenyewe bila kunung'unika. Mwantumu angeliona hilo angekaa chini kwa mshangao. Wakaunga umeme, Mbelwa akafunga chuma mezani, akawasha. Bila kazi, mashine ilivuma kama nyuki. Kisu kilipogusa chuma ikatetemeka mwili mzima, na chuma kikatoka na mawimbi kama mchanga wa mtoni. Mbelwa akakaza kila nati. Akasogeza polepole zaidi. Akaweka mpira chini ya miguu ya mashine. Wiki tatu alihangaika, na vyuma vilivyoharibika vikajaa ndoo mbili.

Mwisho akafunga safari kwa Mzee Kaoneka. Mzee hakushangaa. Alimweleza kwamba mashine ile ilizaliwa hivyo; chuma kilipomiminwa kiwandani kilibaki na uwazi ndani ya mwili wake, mahali jicho halifiki. Waliijaribu mara tatu enzi hizo, mara tatu ikatetemeka, wakaisukuma kwenye kona. Haikulika kwa sababu haikufanya kazi. Angeulizwa siku ile angesema.

Mbelwa akarudi na maneno hayo kwa kaka yake. Semkiwa hakubishana. Alichukua kisaa akaingia bandani, akapima toka saa tatu asubuhi mpaka adhuhuri, huku mwisho, kule mwisho, na kati. Mdogo wake alisimama mlangoni akimngoja. Halafu Semkiwa akainuka, akapangusa magoti, akasema:

"Mashine haina kosa. Kosa liko mkononi mwako."

Mbelwa aliutazama mkono wake, mgongo na kiganja. Akaufuta kwa tambara, kidole baada ya kidole, akatundika mkoba wake wa zana begani. Alipofika getini alisema kile kisaa asikiache wazi, kinaingia vumbi. Akaenda zake. Hakwenda hata Geita. Alikwenda Mombo, kwa yule mama, akapanda juu ya ubao ule wenye mashimo mawili. Ubao mama aliununua pamoja na mashine. Gia zinazosaga unga wote mnaokula ninyi kutoka Mombo mpaka Hale zinatoka kwenye skrubu iliyolika katikati.

Semkiwa yupo. Banda lake ni safi kuliko nyumba zenu. Kila Ijumaa anaifuta mashine, anaipaka mafuta, anaweka kisaa na kuzungusha gurudumu toka mwisho mpaka mwisho. Ukipita uchochoroni unalisikia likizunguka, kisha linanyamaza, kisha linarudi. Hakuna chuma kinachochongwa. Mshale hautikisiki. Akimaliza anafunga mlango, anaingia ndani kusonga ugali wake katika sufuria ya watu sita.

Nimewasimulia ninyi mnaokuja barazani kwangu na orodha ndefu za kasoro: mume kalegea hapa, mke kachakaa pale, ndugu hafai. Orodha nimezisikia, nyingine ni za kweli. Mimi nauliza moja tu: mtu akikigusisha kile kisaa pale katikati yako wewe, atakuta umelika kwa kumfanyia kazi nani?