Wiki ya Tatu ya Fundi Sekela

Ndugu zangu, nina mfano mmoja leo, na nitausema pole pole.

Kulikuwa na fundi cherehani katika mji wa vilima na mvua nyingi, mji kama huu wetu. Tumpe jina, tumwite Sekela. Kama yupo Sekela humu ndani anisamehe, simsemi yeye. Fundi huyu alishona sare za shule. Ukiwa mzazi katika mji ule, Januari lazima upite kwake. Alikuwa mama wa miaka arobaini na mitatu, mcheshi, mchapakazi, na alikuwa mnene sana. Simsengenyi, nasema tu alivyokuwa. Alikuwa na kilo mia moja na ishirini na nane, kisukari, presha, na magoti yaliyokuwa yamechoka kumbeba. Kutoka dukani kwake hadi kanisani ni mwendo wa dakika kumi. Yeye alipumzika mara tatu njiani, akijifanya anasalimia watu.

Sekela alikuwa na wifi, dada wa mumewe, ambaye pale kanisani alikuwa mwenyekiti wa akina mama. Huyu wifi zamani naye alikuwa mnene, na walizoea kutaniana wakikaa kwenye benchi moja, kwamba mafundi seremala wajiandae. Lakini miaka miwili kabla ya haya ninayowaambia, wifi alikwenda Dar es Salaam kumwangalia binti yake aliyejifungua. Alikaa miezi miwili. Aliporudi mwili ulikuwa umeanza kupungua, na ukaendelea kupungua mwaka mzima. Watu wakauliza siri. Jumapili moja akasimama mbele ya kanisa akatoa ushuhuda, akasema ni Mungu, kwa kufunga na kuomba. Kanisa zima likasema Amina. Mchungaji wa kanisa lile alisema Amina kwa sauti kuliko wote.

Sekela naye alisema Amina, na aliimaanisha. Jumatatu yake akaanza kufunga. Alifunga siku nane huku anashona, huku anameza dawa zake za kisukari kama kawaida bila kuweka kitu tumboni. Siku ya tisa sukari ilishuka, akaangukia cherehani, akapasuka juu ya jicho. Alizinduka hospitali. Mumewe alikuwa pale, na wifi yake alikuwa pale, amemshika mkono.

Daktari alimkataza kufunga tena. Akamweleza kwamba mwili wake umefika mahali unapohitaji msaada mkubwa zaidi ya kujinyima, na kwamba upo upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula. Wanakata sehemu kubwa ya tumbo lile, kinabaki kipande chembamba kama ndizi, mtu anashiba kwa kidogo. Akamwonya kwamba kisu kinaanzisha tu kazi, kuimaliza ni juu yake mwenyewe. Sekela na mumewe waliwaza miezi kadhaa, wakakubali, na upasuaji ukaenda vizuri.

Wiki ya kwanza zilitoka kilo sita. Alikunywa supu ya kuku iliyochujwa, maziwa na uji mwepesi, kijiko kwa kijiko, akatembea uani kama alivyoagizwa. Wiki ya pili zikatoka kilo tatu. Alimwambia mumewe kwamba Krismasi atajishonea gauni la mkanda.

Halafu ikaja wiki ya tatu, na mzani ukasimama.

Alipima Jumatatu, alipima Jumanne, alipima asubuhi na jioni. Alhamisi ulipanda nusu kilo. Mniambie, mtu anayeishi kwa vijiko vya uji, mwenye mishono bado mibichi tumboni, anaongezekaje nusu kilo? Hakuwa na nguvu. Harufu ya vitunguu kutoka kwa jirani ilimtoa machozi. Na wateja nao, watu wema kabisa, walipita kumpa pole, wakamtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, wakauliza kama ile kazi yenyewe imeshafanyika au bado. Mmoja alimwambia kwamba angemfuata tu wifi yake, akafunga na kuomba, asingekatwa bure.

Jumamosi, siku ya ishirini, mumewe alikuwa kazini. Nyumbani kulikuwa na ndizi na nyama walizopikiwa wengine. Sekela alikaa mezani akala kama alivyokuwa akila zamani, haraka haraka, matonge makubwa. Hakufika tonge la sita. Maumivu yalimkunja, akatapika mpaka akaona giza, akadhani ameichana ile kazi ya daktari. Mumewe aliporudi alimkuta amejilaza, uso ukutani. Akamwambia kwamba Jumatatu kliniki haendi. Atakwenda kusema nini? Kwamba hata tumbo likikatwa, yeye bado ni yule yule?

Yule mume alitoka nje. Akampigia simu dada yake.

Wifi alikuja Jumapili mchana, moja kwa moja kutoka ibadani, na kitenge chake cha sare ya akina mama. Mkononi alikuwa na chupa ya uji, na njiani alikuwa ameandaa maneno ya faraja. Alikaa pembeni ya kitanda.

"Wifi, nimekuja kukuona."

"Umeniona," Sekela akasema, bila kugeuka. "Sasa nenda ukaniombee, kama ulivyojiombea."

Ndugu zangu, hebu mtazameni mwanamke huyu aliyekaa pembeni ya kitanda. Angeweza kusali na kuondoka. Tena angeonekana amefanya wema. Alikuwa na ushuhuda uliosifiwa, alikuwa na cheo, na walikuwepo wanawake waliofunga kwa sababu yake. Nanyi mngekuwa yeye, mngefanya nini?

Aliiweka chupa ya uji sakafuni. Kisha akainuka, akafunga mlango, akalegeza kitenge, akapandisha blauzi.

"Wifi, geuka unitazame."

Sekela akageuka. Kwenye tumbo la wifi yake kulikuwa na makovu madogo matano, yamefifia, kila moja kama urefu wa kucha. Mtu mwingine asingeyatambua, lakini Sekela alikuwa na matano kama hayo, mahali pale pale, bado mekundu.

Hakulia wala hakupiga kelele. Alisema, "Nilipoanguka kwenye cherehani, ulikuja hospitali."

"Nilikuja."

"Ukanishika mkono."

"Nilikushika."

"Na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua, wifi."

Hakujitetea. Akaketi tena, akaanza kumweleza yaliyompata kule Dar es Salaam. Binti yake alijifungua kweli, lakini si hilo lililompeleka. Wiki ya tatu mzani wake ulisimama siku kumi na moja. Alijifungia bafuni kwa mwanawe akalia, akamwaga maji ili asisikike. Alikula chapati kwa kuiba, akadhani anakufa. Muuguzi ndiye aliyemwambia kwamba mwili uliokatwa unashtuka na kushikilia maji, kwamba mzani kusimama wiki zile huwapata wengi sana, na kwamba aupime mara moja kwa wiki, basi. Akamwambia Sekela kwamba miezi michache mbele nywele huenda zikakatika, asiogope, huota tena. Chakula na maji asichanganye. Atafune mpaka achoke kutafuna.

"Lakini maumivu ya jana hayasubiri kesho," akasema. "Leta kadi ya kliniki, tupige simu sasa hivi."

Wakapiga. Muuguzi wa zamu akawauliza kuhusu homa, kuhusu mapigo ya moyo, kama maumivu bado yapo, akawaambia waje siku hiyo hiyo. Mumewe akatafuta gari. Kule wakampima, wakakuta hakuna kilichochanika. Daktari hakumgombeza. Alimrudisha kwenye uji kwa siku chache, akamwambia kwamba anatembea njia ile ile waliyoitembea wenzake.

Msidhani waliondoka pale wamekumbatiana. Walipofika mlangoni kwake alimwambia wifi yake aende zake nyumbani, na kwamba atamwita mwenyewe. Ilichukua wiki mbili kumwita.

Lakini asubuhi iliyofuata alikunywa uji wake, kijiko kwa kijiko, akatembea uani. Siku ya thelathini na moja mzani ukashuka kilo moja. Ulisimama tena mwezi wa tatu, na nywele zikakatika kweli, na mara zote mbili hakulala uso ukutani. Mwaka ulipoisha alikuwa amepunguza kilo thelathini na nne, na daktari alikuwa amemwondolea dawa mbili. Bado ni mnene, na bado ana siku ngumu. Ila anakwenda kliniki.

Na wifi? Alhamisi iliyofuata, kwenye kikao cha akina mama, alisimama akasema yote. Wawili waliacha kumsalimia. Cheo walimpa mwingine. Lakini alipokuwa anatoka, mama mmoja kijana alimfuata mpaka getini, akamweleza kwa sauti ya chini jambo jingine kabisa, lisilohusu unene, alilokuwa amelificha kwa miaka sita.

Sasa naona mmekaa mmestarehe, mnadhani mfano huu ni wa watu wanene. Au mnadhani ni wa yule wifi mwongo.

Nawauliza. Nani alimfundisha kusema uongo? Kama Jumapili ile angesimama akasema, "Nimekatwa tumbo, nimelia bafuni, na Mungu alikuwa nami humo humo bafuni," sisi tungesema Amina? Tungeguna. Tungesema imani yake ni ndogo. Tungehesabu matonge yake kwenye kila harusi. Alitujua, ndiyo maana akatupa ushuhuda tunaoupenda, uliokwisha safishwa, usio na damu wala matapishi. Tukaushangilia. Na mwenzetu akaangukia cherehani. Nami ningekuwepo siku ile, ningeshangilia pamoja nanyi.

Tunapenda kusikia mtu alivyofika. Tunaona aibu kusikia alivyotambaa. Kwa hiyo anayetambaa leo anadhani yuko peke yake, na kwamba wenzake wote walipaa. Mtu hakati tamaa kwa sababu njia ni ngumu tu. Anakata tamaa kwa sababu anaamini ni ngumu kwake peke yake.

Bwana wetu aliporudi kwa rafiki zake waliokuwa wamejifungia kwa hofu, aliwaonyesha mikono yake. Makovu hayakumwaibisha. Sisi nani aliyetufundisha kuyafunika?

Humu ndani kuna aliyeacha pombe, na wiki ya tatu nusura arudi. Yupo aliyezika mtoto akashindwa kusali mwaka mzima. Yupo anayemeza dawa kila siku na nyumbani kwake hawajui. Siwaambii mwende kutangaza barabarani. Lakini kuna mtu mmoja, katika mtaa wako au katika nyumba yako, ambaye sasa hivi yuko katikati ya kile ulichokwisha pita wewe, na anataka kuacha. Usimpelekee ushauri, ameshapewa mwingi. Mweleze tu ilivyokuwa kwako, siku ile mbaya, bila kuipamba.

Mtu huyo unamjua. Jina lake limekujia tangu nilipoanza kusema. Nenda kwake leo, kabla hujala chakula cha mchana.