Nozeli za Mzee Semkiwa

Tanga nzima hakuna aliyempita Mzee Semkiwa kwa magari ya zamani, ila alikuwa ameapa kutoshika spana tena. Siku hizi alivaa kanzu nyeupe na kuuza spea. "Tumbo hili limestaafu kabla yangu," alipenda kusema.

Ijumaa moja Mwanahija alifika dukani, Pijo la marehemu baba yake likivutwa kwa kamba.

"Shikamoo mzee. Naomba nozeli nne za kupulizia petroli kwenye injini. Kesho gari linambeba bibi harusi."

"Marahaba. Lete ya zamani niione. Bila sampuli siuzi."

"Haya, basi naondoka, mzee. Hata mafundi walisema bila sampuli hutaijua."

"Mimi nisijue?"

Mzee akatoka nyuma ya kaunta. Tumbo lilitangulia, akili ikabaki dukani. Akafunua boneti, akapima matundu ya nozeli kwa kidole, akaleta nozeli nne na spana, akazifunga mwenyewe. Gari likanguruma. Kanzu ilikuwa imegeuka kaniki.

"Umeona?" akasema akihema.

Mwanahija akalipia nozeli, kisha akatoa mkobani nozeli kuukuu.

"Kumbe sampuli unayo!"

"Ninayo, mzee. Ningekupa, ungeniuzia spea tu. Mimi nilikuja kutafuta fundi."