Digidigi Aliyekwenda Mbio kwa Kutembea

— Wenye masikio!
— Tunayo, yamesimama!
— Hadithi yangu ina miguu.
— Iache ikimbie!
— Ikianguka je?
— Tutaiokota!

Haya, basi. Hapo kale palikuwa na nchi kavu yenye chemchemi moja tu. Moja! Na chemchemi hiyo ilikuwa na sheria yake. Kila mwaka, mvua zikikatika, wanyama walishindana mbio kutoka Kilima cha Majivu hadi kwenye maji. Mwenye miguu mizuri aliondoka jua likichomoza, akafika umande haujakauka bado. Aliyefika wa kwanza, maji yalikuwa yake mpaka mvua irudi. Yeye ndiye aliyesema nani anywe na nani asubiri.

Miaka mitatu mfululizo, aliyefika wa kwanza alikuwa Bwana Mbuni. Miguu mirefu, shingo ndefu, na tumbo ambalo hakuna aliyewahi kuona mwisho wake. Bwana Mbuni alikunywa. Akishakunywa, alioga. Akishaoga, alilala humo humo majini mabawa wazi. Wengine walipewa tope. Kiangazi kilichopita watoto wa Kidawa walikuwa wawili. Walilamba tope mpaka ndimi zikapasuka. Kiangazi kilipoisha, alikuwa amebaki mmoja.

Kidawa huyo ni nani? Ni digidigi, mnyama mdogo kuliko mbuzi, macho makubwa, miguu kama vijiti vya kuchokolea moto. Baada ya msiba ule alisema mbele ya wanyama wote, "Mwaka huu nakimbia mimi."

Wanyama wakashtuka. "Wewe?"

"Mimi."

Akafanya mazoezi. Asubuhi kilimani, ti-ti-ti-ti! Jioni bondeni, ti-ti-ti-ti! Akawa mwepesi kama jani kavu kwenye upepo. Hata Bwana Mbuni akaanza kumtazama kwa jicho la pembeni.

Zikabaki siku tano. Siku hiyo Kidawa aliruka kichuguu alichokuwa akikiruka kila siku. Akiwa hewani akasikia nyuma ya paja, twa! Alipotua, mguu ulikataa kukanyaga. Akasimama kwa mitatu, haamini. Siku tano! Miezi yote ile, halafu siku tano!

Akajikokota mpaka kwa Bi Nungunungu. Bi Nungunungu ndiye aliyekuwa fundi wa viungo wa nchi nzima, ingawa wagonjwa walimwomba akae mbali kidogo, kwa sababu ya ile miiba.

"Hapa?" akauliza, akibonyeza kwa kidole.

"Hapana."

"Hapa?"

"Aaaai!"

"Msuli umevutika," akasema Bi Nungunungu. "Haukukatika, shukuru. Utautia kwenye maji ya baridi, utaufunga kwa gome laini, utalala mguu ukiwa juu ya jiwe. Siku tatu usitoke. Siku ya nne utembee kidogo."

"Na siku ya tano?"

"Utembee kidogo zaidi."

"Bibi, siku ya tano ni mbio!"

"Basi tembea kwenye mbio. Ukikimbia, utakatika, na ukikatika hutaruka tena hata unyasi."

Kidawa akapigwa na butwaa. Nani amewahi kushinda mbio kwa kutembea?

Habari mbaya haikai ndani. Kabla ya jioni, Bwana Mbuni alikuwa amesimama mlangoni kwa Kidawa, shingo imeingia ndani, mwili umebaki nje.

"Nimesikia umeumia."

"Nimeumia."

"Pole sana," akasema Bwana Mbuni, naye mdomo unamcheka. "Huyo mtoto wako mzoeshe tope mapema. Mwaka huu nataka maji yote. Hata hilo tope nimefikiri nitagaagaa humo mwenyewe."

Akaondoka zake, pu-pu-pu-pu, anacheka njia nzima.

Kidawa akamtazama mwanawe aliyelala. Akautazama mguu. Kisha akasikia kitu kinasukumwa nje, kru-kru-kru. Alikuwa jirani yake, Bi Dundu, yule mdudu asukumaye mavi. Kila siku alikuja na ukoo wake kuchukua mavi ya Kidawa. Maana digidigi, kama mnavyojua, hanyi ovyo ovyo. Ana mahali pake pamoja tu, kila siku pale pale. Ukiona mavi yake, vidonge vidogo kama kunde, ujue digidigi mwenyewe alisimama hapo.

"Bi Dundu," akaita Kidawa.

"Abee, jirani."

"Mavi yangu mnayapeleka wapi?"

"Nyumbani kwetu, hapo nyuma ya jiwe."

"Mnaweza kuyafikisha Mwamba Mwekundu?"

Bi Dundu akashtuka mpaka kidonge kikamponyoka. "Mwamba Mwekundu! Yafuate nini huko?"

"Yapumzike kidogo. Yakishaonekana, ni yenu, yote, pamoja na ya mwezi ujao."

Bi Dundu akawaita dada zake. Dada zake wakawaita binamu zao. Kru-kru-kru! Njia ikawa nyeusi kwa wadudu.

Kulipopambazuka, Bwana Mbuni alitoka kunyoosha miguu. Akafika Mwamba Mwekundu, theluthi ya njia ya mbio. Akasimama ghafla, vumbi likampita. Mbele yake palikuwa na chungu kidogo cha mavi, vidonge kama kunde, vimelowa umande.

"Lo!" akasema Bwana Mbuni. "Mgonjwa huyu alifika hapa alfajiri!"

Akaenda mbio mpaka kwa Kidawa. Akamkuta amelala, mguu juu ya jiwe.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hapa, Bwana. Nimelala."

"Hukutoka?"

"Sikutoka. Naumwa."

Kama mngekuwa ninyi, mngeamini. Lakini Bwana Mbuni alikuwa mwongo tangu yai, na mwongo hajui kuamini. Akasema moyoni, "Ananificha! Kama yeye amefika Mwamba Mwekundu, mimi nitafika mara mbili." Akaenda akarudi, akaenda akarudi.

Siku ya pili chungu kikaonekana penye Mkwaju Uliopasuka, theluthi mbili za njia. Bwana Mbuni akakiona. Macho yakamtoka kama mayai.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Hapa, Bwana. Nimelala."

Bwana Mbuni akaenda Mkwaju Uliopasuka mara tatu, akarudi mara tatu.

Siku ya tatu chungu kikaonekana kando ya chemchemi yenyewe. Bwana Mbuni alipokiona, alikizunguka mara mbili, akakimbia kurudi kwa Kidawa.

"Alfajiri ulikuwa wapi?"

"Bwana, mara ngapi nikwambie? Hapa. Nimelala."

Siku hiyo Bwana Mbuni alikwenda chemchemi akarudi, akaenda tena akarudi, na hakula. Mbuni hakula! Wanyama walishtuka kuliko kama jua lingeanguka.

Siku ya nne Kidawa alitembea kidogo uani, hatua kumi kwenda, hatua kumi kurudi. Mguu ulimwambia, "Polepole," naye akautii. Bi Nungunungu akakutana na Bwana Mbuni njiani, anakimbia, paja linaruka-ruka lenyewe kama samaki nchi kavu.

"Bwana, simama. Huo msuli umechoka. Leo lala."

"Nilale!" akafoka Bwana Mbuni. "Wewe na Digidigi shauri lenu moja! Yeye mnamkimbiza alfajiri, mimi mnaniambia nilale!"

Akampita, pu-pu-pu-pu.

Siku ya mbio ikafika. Wanyama wengine wote walikuwa wamejitoa, kwa kuliogopa teke la Bwana Mbuni. Wakabaki wawili. Jua likachomoza, Kanga akapiga kelele, "Kekekeke! Haya!"

Bwana Mbuni akafyatuka. Pu-pu-pu-pu! Vumbi mpaka mbinguni.

Kidawa akainua mguu mmoja, akauweka. Akainua wa pili, akauweka. Chwe. Chwe. Chwe.

Ngiri mdomo wazi. "Anatembea?"

"Anatembea!"

"Kidawa, kimbia!"

Chwe. Chwe. Chwe. Wengine wakaanza kulia, wakiwazia tope. Wakakata njia ya mkato kwenda kusubiri penye maji, vichwa chini.

Bwana Mbuni akapita Mwamba Mwekundu. Akageuka nyuma, hakuona mtu. Akacheka. Akapita Mkwaju Uliopasuka. Akageuka nyuma, hakuona mtu. Akacheka sana. Akatazama mbele.

Hapo njiani, chungu kidogo. Vidonge kama kunde, vimelowa umande.

Kicheko kikakatika. "Yuko mbele! Amenipita! Amenipita saa ngapi?"

Bwana Mbuni akafungua miguu yote, miguu iliyokimbia siku nne bila kulala vizuri, bila kula. Akaruka hatua moja. Akaruka hatua ya pili. Ya tatu, nyuma ya paja: PAAA! Hata pimbi waliokuwa mwambani waliusikia mlio huo. Bwana Mbuni akaanguka puu, shingo upande huu, miguu upande ule, akalala ameziba njia.

Jua likapanda. Jua likasimama. Jua likaanza kushuka. Ndipo ikasikika, kwa mbali: chwe, chwe, chwe.

Bwana Mbuni akainua shingo. Akashtuka upya. "Wewe! Unatoka mbele au unatoka nyuma?"

"Natoka nyuma, Bwana."

"Na hicho hapo ni nini?"

"Mavi."

"Ya nani?"

"Yangu."

"Uliyaacha lini?"

"Juzi."

"Wapi?"

"Nyumbani kwangu, mahali pangu pa kila siku."

Bwana Mbuni akatazama chungu. Chini ya kidonge kimoja akatokea Bi Dundu, akamwamkia kwa heshima, "Shikamoo, Bwana," akakisukuma kidonge chake, akaenda zake. Kru-kru-kru.

Hapo Bwana Mbuni akaelewa. Mguu wake mmoja ulikuwa umekufa ganzi, lakini wa pili ulikuwa mzima, na teke la mbuni huvunja taya la simba. Akaurusha kwa nguvu zote. Fyuu! Ukapita karibu na sikio la Kidawa mpaka manyoya yakalala. Kila kiungo cha Kidawa kikapiga kelele: kimbia! Moyo ukamwambia kimbia. Tumbo likamwambia kimbia. Machozi yakamtoka kwa hofu. Lakini akainua mguu mmoja, akauweka. Akainua wa pili, akauweka. Akamzunguka Bwana Mbuni kwa mbali, teke la pili likaangukia vumbi, la tatu likaangukia vumbi, naye akapita.

Chwe. Chwe. Chwe.

Penye chemchemi wanyama walikuwa wamekaa kama waliofiwa. Jua limekuwa jekundu, na Bwana Mbuni haonekani. Wakaona kitu kidogo kinakuja, kinachechemea, gome limefungwa pajani. Kidawa akafika, akaingiza kwato zote nne majini, akashusha pumzi.

"Mbuni yuko wapi?" akauliza Ngiri kwa sauti ndogo.

"Amelala njiani."

Zikapigwa kelele ambazo nchi ile haikuwahi kuzisikia. Mwana wa Kidawa akaletwa, akainamia maji. Kwa kuwa hakuwa ameyaona maji matulivu na masafi hivyo tangu azaliwe, alishtuka kumkuta digidigi mwingine ndani yake. Akamlamba. Akacheka. Akanywa.

Kidawa akatangaza sheria: kunywa ni kwa zamu, wadogo kwanza, na hakuna kuoga.

Bwana Mbuni akakokotwa mpaka kivulini. Bi Nungunungu akamtazama, akasema huu umekatika kweli kweli, siku arobaini.

"Siku arobaini nitakunywa nini?" akauliza Bwana Mbuni.

Wanyama wakatazamana. Ngiri akakohoa. Kidawa akajaza gamba la konokono, akatembea nalo polepole mpaka kivulini, akaliweka mbele ya mdomo ule mpana. Wote wakabaki mdomo wazi. Bwana Mbuni naye akabaki mdomo wazi. Akayatazama maji. Akamtazama Kidawa. Akanywa mpaka tone la mwisho. Wakangoja aseme asante.

"Ongeza!" akasema.

Hakuongezwa. Akapata kama walivyopata wengine, kila siku gamba moja, na mvua iliporudi alikuwa mwembamba na mguu umepona.

Mnataka funzo? Funzo ni kwamba uongo haufai. Kidawa hakusema uongo hata mara moja. Yaliyodanganya ni mavi, na mavi hayakuapishwa. Na ninyi vijana wavivu wa mazoezi, mfuateni Bwana Mbuni: kimbieni asubuhi, kimbieni mchana, kimbieni jioni, msile, msilale, msimsikilize fundi wa viungo. Mtafika pale alipofika yeye.

— Hadithi yangu imekaa chini.
— Inafanya nini?
— Inanyoosha miguu.
— Na sisi?
— Aliyecheka amecheka. Aliyeshtuka afunge mdomo, nzi wasije wakaingia.