Meza ya Vita ya Tabora

Hapo zamani, enzi redio moja ikisikilizwa na mtaa mzima, palikuwa na marafiki watatu pale Ng'ambo, Tabora. Mahona alikuwa mchora ramani wa serikali. Swedi alikuwa fundi seremala. Nyamizi alikuwa mkunga.

Mahona ndiye aliyeanza. Alipenda habari za vita ya Mjerumani, jinsi Wabelgiji walivyotoka Kigoma wakaifuata reli hadi wakauteka mji wetu. Akaichora nchi yote juu ya meza: reli, mito, misitu ya miombo.

"Tuipigane upya," akasema, "tuone kama Tabora ingesalimika."

Swedi akachonga askari wa mninga, kila mmoja na bunduki yake begani. Ikawa kila Jumamosi jioni wanarusha dadu barazani kwa Swedi, chai ya tangawizi pembeni. Askari walikwenda mbio, miji ikatekwa kabla chai haijapoa.

Siku moja Nyamizi akauliza, "Mizigo yao anabeba nani?"

Baba yake Nyamizi alichukuliwa upagazi katika vita hiyo, Nyamizi mwenyewe angali tumboni mwa mama. Hakurudi, wala kaburi lake halijulikani.

Nyamizi akaingia jikoni, akatoka na maharage. Kila harage ni mpagazi. Asiye na wapagazi hasogei. Asiyewalisha, wanamfia njiani. Tangu hapo mchezo ukawa wa polepole. Mpagazi akifa, Nyamizi alimpa jina kwanza, la baba yake au la mwingine, ndipo akamtoa mezani. Wale wanaume walimngoja.

Miaka ikapita. Mahona akahamishiwa Dodoma. Nyamizi akaenda kuishi Nzega kwa mwanawe. Swedi akabaki na meza. Mchwa walipoila miguu, akaiwekea mipya. Paa lilipovuja, akaiingiza chumbani, yeye akalala sebuleni. Mara nyingine alirusha dadu peke yake, akacheza pande zote.

Uzeeni nyumba yake ikauzwa, ikabidi ahamie kwa binti yake. Akawaita wenzake. Wakacheza kama zamani, wakicheka, wakibishania mito. Kisha wakaulizana meza iende kwa nani.

Mahona akasema, "Ndugu zangu, bila mimi hii ingekuwa meza ya kulia ugali tu. Macho yangu yanakwisha, lakini reli ile naijua kwa vidole. Nipeni niishike."

Swedi akasema, "Uliichora ukaondoka, kaka. Mimi ndiye niliyebaki na viti vyenu vitupu. Ikienda hii, nitakuwa nimewapoteza mara ya pili."

Nyamizi alikuwa amefumbata harage moja. Akasema taratibu, "Mimi sina kaburi la kuzuru. Baba yangu hatajwi mahali pengine popote duniani."

Hakuna aliyembishia mwenzake. Nje gari la mizigo lilikuwa limekwisha kuwashwa, na wazee watatu walikuwa bado wamekaa, mikono yao juu ya meza.

Haya, nyinyi mliosikia, meza ni moja na haigawanyiki. Je, nani alistahili kuondoka nayo?