Mfupa Usiofungwa

Enzi hizo, kabla mguu haujajua kujikunja kifundoni, watu walitembea kama michi. Muundi, mfupa wa chini ya goti, ulishuka moja kwa moja hadi kisiginoni, na kano zilikuwa bado nje ya ngozi. Kila asubuhi mtu alikaza zake mwenyewe, kama akazavyo kamba za kibanda. Tambarare waliiweza. Mlima waliutazama tu. Wewe unayecheka, hebu panda ngazi kwa mguu usiokunjika, kisha uje tuzungumze.

Katika bonde moja aliishi Mghoi, mjenzi wa nyumba za miti na kamba. Mama yake, Wakesho, ndiye aliyemfunza kazi hiyo, na fundisho lake lilikuwa moja: kisichofungwa si chako.

Mwaka mmoja mvua zilikataa kukoma, mto ukafura. Watu wakamlilia Muumba, naye akautia kila mguu mfupa mmoja mdogo, laini kama jiwe la mtoni, kati ya muundi na kisigino. Akasema, "Huu msiufunge."

Wengine wakatii, wakaanza kupanda. Mghoi aliuona mfupa ule ukicheza huru. Machoni pake ilikuwa nyumba inayongoja kuanguka. Akaufunga kwa kano zake, mguu huu na huu, akambeba mama yake aliyeishiwa nguvu, akaukabili mlima.

Akateleza. Akainuka, akateleza tena. Nyayo zilikataa kuufuata mteremko, na maji yakamfikia magotini. Aliogopa mno, na kadiri alivyoogopa ndivyo alivyoinama kuzidi kukaza.

"Mwanangu," mama akamwambia sikioni, "fungua."

"Mama, nikifungua tutaanguka wote!"

"Mimi ndiye niliyekufunza kufunga. Leo mimi huyo huyo nakwambia, fungua."

Mghoi akalia. Akachomoa kisu cha kukatia kamba, akazikata zile kano. Mfupa ukayumba, ukaegemea muundi juu na kisigino chini, kisha ukatulia. Unyayo ukalala juu ya mteremko. Akapiga hatua, akapiga nyingine, huku maji yakimlamba visigino. Walipofika kileleni na kugeuka, bonde lilikuwa ziwa, na nyumba zote alizozijenga zilikuwa zikielea, mafundo yakiwa imara vilevile.

Lakini damu hupitia penye kano, na aliyekata kano alikata na njia ya damu. Hilo Mghoi hakulijua, na hata angelijua angekata.

Na tangu siku hiyo, mfupa wa kifundo cha mguu haukushikwa na msuli hata mmoja. Umebanwa na majirani zake tu, ndiyo maana tunapanda milima. Damu huufikia kwa vinjia vyembamba, kwa hiyo ukivunjika hupona shingo upande. Aliyeuvunja hana budi kukaa chini na kungoja, mpaka apite mtu wa kumbeba mgongoni.